Programu Inafunguka Lakini Kazi Haifanyi: Jinsi ya Kushughulikia Vitegemezi vya Hiari kwenye Linux

Swali ni lile lile, linabadilisha nguo tu. "Faili ya RAR imekataa kufunguka." "Tesseract haijui Kiswahili." "pandas inasoma CSV vizuri, Excel imegoma." "Nimeunganisha simu kwa waya na folda haionekani." Na karibu kila anayeuliza ameshaambiwa na mtu aiondoe Linux aiweke upya.

Usiweke upya. Mara nyingi programu yako iko sawa. Kilichokosekana ni kitegemezi cha hiari, yaani kifurushi kingine kidogo ambacho programu inaweza kuishi bila hicho, lakini kazi moja mahususi haiwezi kufanyika mpaka kiwepo. Ukizoea kukitafuta, utakipata kabla chai haijapoa.

Mifano mingi hapa ni ya Ubuntu na Debian, kwa sababu ndizo ninazokuta kwenye laptopu nyingi za mitumba zinazouzwa hapa Nairobi. Fedora na Arch nimezigusa pale amri zinapotofautiana.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Ruhusa ya `sudo`, yaani ya kutenda kama msimamizi wa mashine. Kama mashine ni ya saiba au ya ofisi, mtafute mwenye nenosiri kwanza.
- Jina na toleo la mfumo wako. Andika `cat /etc/os-release` kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) usome jibu. Usikisie, na usiamini stika iliyobandikwa kwenye laptopu.
- Bando kiasi. Vifurushi vingi vya aina hii ni vidogo, lakini hatua ya 4 inaweza kula makumi ya megabaiti, nitakuonya tukifika.
- Faili ile ile iliyokukatalia. Usijaribu kwa faili nyingine, utajichanganya.

Nadharia ni hii tu. Debian na Ubuntu hugawa vitegemezi katika madaraja matatu yanayokuhusu. `Depends` ni vya lazima. Bila hivyo apt, programu ya kusakinisha vifurushi, haikubali kusakinisha. `Recommends` ni vile ambavyo watumiaji wengi watavihitaji, na apt huvileta yenyewe isipokuwa imekatazwa. `Suggests` ni vya wachache. Apt huvitaja kwenye skrini kisha inaendelea na shughuli zake. Fedora ina `Recommends` na `Suggests` vile vile, ila vya lazima huitwa `Requires`. Arch ina `optdepends`: pacman, ambayo ndiyo apt ya huko, haivileti yenyewe, lakini huorodhesha kila kimoja pamoja na sentensi fupi ya kueleza kina kazi gani. Kwa maoni yangu hapo Arch imewashinda wengine wote.

Sasa kama apt huleta `Recommends` yenyewe, mbona vinakosekana? Kwa huku kwetu, jibu la kwanza ni bando. Aliyekuwekea Linux, au wewe mwenyewe, alitumia `--no-install-recommends` ili kuokoa data, kisha akasahau. Hakikisha hivi:

```
apt-config dump | grep Install-Recommends
```

Ukiona `"1"` au `"true"`, mpangilio ni wa kawaida. Ukiona `"0"` au `"false"`, mtu aliuzima kabisa, na mstari huo umejificha katika faili mojawapo ndani ya `/etc/apt/apt.conf.d/`.

## Hatua kwa hatua

1. Iendeshe programu kutoka kwenye terminali.

Programu za madirisha zina tabia mbaya ya kunyamaza. Unabofya, hakitokei kitu. Kumbe ujumbe upo, umetupwa mahali usipopaona. Funga programu kabisa, fungua terminali, andika jina lake (kwa mfano `thunar` au `file-roller`), kisha rudia kitendo kilichokataa. Maneno yatamwagika kwenye terminali. Nakili yote, hata yale unayodhani hayana maana.

2. Soma ujumbe, utafute jina la kitu.

Unawinda jina la amri, la faili au la moduli. Sura zake za kawaida ni hizi:

- `sh: 1: gs: not found` inamaanisha programu ilijaribu kuita amri nyingine, `gs`, ikaikosa. Hiyo ni Ghostscript, programu ya kusoma PostScript na PDF.
- `Missing optional dependency 'openpyxl'` ni Python, nayo imekuwa muungwana wa kukutajia jina.
- `git: 'gui' is not a git command` inamaanisha sehemu hiyo ya git (programu ya kutunza matoleo ya msimbo) imewekwa katika kifurushi kingine.
- `error while loading shared libraries` ni kesi nyingine kabisa. Hapo kimekosekana kitegemezi cha lazima, si cha hiari, na mara nyingi ni programu uliyoishusha nje ya hazina (ghala rasmi la vifurushi) ya mfumo wako. Jaribu `sudo apt --fix-broken install`. Hatua zinazofuata hazikuhusu.

Angalia mfano huu kwa karibu, maana una mtego. Mtu ameskani barua ya Kiswahili na anataka maandishi yake kwa Tesseract, programu ya kusoma maandishi yaliyo kwenye picha:

```
tesseract barua.png barua -l swa
```

Anajibiwa:

```
Error opening data file /usr/share/tesseract-ocr/5/tessdata/swa.traineddata
Please make sure the TESSDATA_PREFIX environment variable is set to your "tessdata" directory.
Failed loading language 'swa'
Tesseract couldn't load any languages!
```

Mstari wa pili unakuambia urekebishe `TESSDATA_PREFIX`. Hapo ndipo wanaoanza hupotelea: wanahariri `.bashrc`, wanafungua na kufunga terminali, wanakasirika. Mstari wenye habari ni wa kwanza. Umekupa jina kamili la faili isiyopatikana, `swa.traineddata`. Hakikisha kwa `ls` kama ipo kwenye folda hiyo. Haipo? Basi hakuna cha kurekebisha, ila cha kuleta. Liweke jina hilo akilini.

3. Kiulize kifurushi chenyewe.

```
apt depends git
```

Utaona orodha inayofanana na hii, ambayo nimeikata:

```
git
  Depends: libc6
  ...
  Recommends: ca-certificates
  Recommends: patch
  Recommends: less
  ...
  Suggests: git-gui
  Suggests: gitk
```

Hapo `git gui` imeshajipatia jibu. Alama mbili zitakusumbua mwanzoni. Mstari unaoanza na `|` unamaanisha "hiki au kinachofuata", kwa hiyo kimoja kinatosha. Jina lililofungwa kwa `<` na `>` si kifurushi halisi. Ni cheo ambacho vifurushi kadhaa vinaweza kukishika, na wanaokishika huandikwa chini yake.

Wakati mwingine utakuta orodha fupi inayokuelekeza kwenye kifurushi kingine. `imagemagick`, cha kugeuza na kuhariri picha kwa amri, ni hivyo: chenyewe ni mlango tu, na kazi iko katika kifurushi kilichobeba namba ya toleo. Kiulize hicho cha pili.

Kwenye Fedora amri ni `dnf repoquery --recommends git`, na unaweza kubadilisha iwe `--suggests`. Kwenye Arch ni `pacman -Si git`, au `-Qi` kama kimeshasakinishwa. Hiyo ya pili hata hukuonyesha vipi tayari unavyo.

4. Kama jina halimo kwenye orodha, tafuta kwa jina la faili.

Ukiuliza `apt depends tesseract-ocr` utaona data ya Kiingereza, Kiswahili huoni. Usikate tamaa, una jina la faili:

```
sudo apt install apt-file
sudo apt-file update
apt-file search swa.traineddata
```

Jibu ni `tesseract-ocr-swa`. Onyo la bando ni hapa: `apt-file update` hushusha orodha ya faili zote za vifurushi vyote, na orodha hiyo si ndogo. Kama umebakisha bando la kuhesabu, fungua packages.debian.org au packages.ubuntu.com kwenye simu, utafute kwa yaliyomo ndani ya vifurushi. Jibu ni lile lile, gharama ni ya ukurasa mmoja.

Fedora: `dnf provides '*/swa.traineddata'`. Arch: `sudo pacman -Fy` kisha `pacman -F swa.traineddata`.

Ukitafuta amri badala ya faili ya data, ibane kidogo la sivyo utaletewa gunia zima la majibu:

```
apt-file search -x '/bin/gs$'
```

5. Pima kabla ya kukata.

```
apt install -s tesseract-ocr-swa
apt show tesseract-ocr-swa
```

Amri ya kwanza ni ya majaribio. Haihitaji `sudo` na haigusi chochote. Hesabu mistari inayoanza na `Inst`. Ukiona mmoja au miwili, endelea. Ukiona ukurasa mzima, simama uulize kwa nini. Na ukiona hata mstari mmoja wa `Remv`, usome jina lake vizuri, maana huo ni kifurushi kitakachoondolewa. Amri ya pili itakuonyesha `Download-Size`, yaani bando litakalokwenda, na `Installed-Size`, nafasi itakayoliwa kwenye diski.

6. Sakinisha, kisha amua alama.

```
sudo apt install patch
sudo apt-mark auto patch
```

Mstari wa pili wengi hawaujui. Ukisakinisha kitu kwa jina, apt hukiandika kwamba umekitaka mwenyewe, na kitabaki hata siku utakayoondoa git. Ukikipa alama ya `auto`, kitaondoka baada ya git, utakapoita `apt autoremove`. Hakitaondolewa kabla ya hapo, kwa sababu katika mpangilio wa kawaida `apt autoremove` huheshimu `Recommends` na hata `Suggests`.

Lakini ifanye hivyo tu pale ulipokiona kifurushi kwenye orodha ya hatua ya 3. Kama ulikipata kwa apt-file, kama tulivyofanya na data ya Kiswahili, kiache kama kilivyo. Huenda hakuna kifurushi kinachokitaja, na `autoremove` ya siku nyingine itakizoa.

Kwenye Arch mambo yote mawili hufanyika pamoja: `sudo pacman -S --asdeps tk` huleta `tk`, ambayo gitk inaihitaji huko, na kuipa alama papo hapo.

7. Anzisha upya, kisha jaribu kwa faili ile ile.

Programu iliyokuwa wazi haitajua kwamba umeleta kitu. Ifunge uifungue. Vingine vinataka utoke kwenye akaunti uingie tena, hasa `gvfs-backends`, kile kinachowezesha vidhibiti faili kama Thunar kuona simu yako ikiunganishwa kwa waya. Kwa Tesseract, `tesseract --list-langs` itakuambia mara moja kama `swa` imeingia.

Ukiwa hapo hapo, na kama unaandika Kiswahili kwenye LibreOffice, leta pia `hunspell-sw`. Ni kamusi ya kukagua tahajia, na itakupunguzia ile mistari myekundu chini ya kila neno.

## Python ina utaratibu wake

Kanuni moja inatatua karibu yote: kitegemezi kipitie mlango ule ule uliopitia programu. pandas, maktaba ya Python ya kuchambua data, imekuja kwa apt? Basi `sudo apt install python3-openpyxl`. Imekuja kwa pip, kisakinishi cha Python chenyewe? Basi pip, ndani ya mazingira yake:

```
sudo apt install python3-venv
python3 -m venv ~/kazi
source ~/kazi/bin/activate
pip install pandas openpyxl
```

Utaona watu wakiandika `pip install 'pandas[excel]'`. Ni sahihi, na alama za kunukuu ziache zilivyo, maana baadhi ya shell huyatafsiri mabano hayo vingine. Ila inaleta visomaji vya kila aina ya Excel, na kama una faili za `.xlsx` peke yake, `openpyxl` inatosha. Faili za zamani za `.xls` zinataka `xlrd`. Tangu toleo la 2.0 la mwaka 2020, xlrd haisomi kitu kingine.

Ukikutana na `externally-managed-environment`, mfumo unakuzuia kuchanganya pip na apt. Kinga hiyo ipo Debian kuanzia 12 na Ubuntu kuanzia 23.04. Dawa ni `venv` hapo juu. Kuna bendera inayoitwa `--break-system-packages`, na jina lake limejieleza.

## Makosa yanayorudi kila siku

Kuwasha `--install-suggests`. Mtu anachoka kutafuta, anasema lete vyote. Kila kinacholetwa nacho kina vya kwake, na vya kwake vina vya kwao. Bando litaisha kabla orodha haijaisha.

Kuzima `Recommends` daima kwenye laptopu ya kazi. Naelewa sababu, bando ni pesa. Lakini zima kwa kifurushi kimoja kimoja, huku ukisoma unachokiacha. Mfano ambao umewaumiza wengi, hasa wanaojenga kontena: git ikisakinishwa kwa `--no-install-recommends`, `ca-certificates` hubaki nje. Kisha ukijaribu `git clone` kwa https unapata `server certificate verification failed. CAfile: none`. Halafu mtu anashauriwa azime ukaguzi wa vyeti! Usizime. Sema `sudo apt install ca-certificates` na jambo limekwisha.

Kusakinisha programu upya ukitegemea italeta vilivyoachwa. Kifurushi kikishakuwepo, apt itakuambia ndicho kipya zaidi na kuishia hapo. Taja kilichokosekana kwa jina.

Kusahau snap na flatpak, njia nyingine za kusakinisha programu. Programu iliyokuja kwa njia hizo imefungiwa chumbani mwake. Kwa kawaida haioni ulichosakinisha kwa apt. Kabla ya kuhangaika, angalia `snap list` na `flatpak list`. Ikiwa programu yako imo, tafuta kiongezi cha njia hiyo, au tumia toleo la apt.

## Ukikwama

*`Unable to locate package`.* Anza na `sudo apt update`. Ikiendelea, huenda kifurushi kiko katika sehemu ya hazina ambayo hujaifungua. `unrar` ni mfano: Debian wanaiweka `non-free`, Ubuntu wanaiweka `multiverse`. Kanuni za Debian haziruhusu kifurushi cha sehemu kuu kutegemea wala kupendekeza kilicho nje yake, ndiyo maana kitu kama unrar hakiji chenyewe. Ubuntu: `sudo add-apt-repository multiverse`, halafu `sudo apt update`.

*Ghostscript ipo, na bado ImageMagick inakataa PDF.* Soma tena. Ujumbe sasa ni `not allowed by the security policy 'PDF'`, yaani umevuka kikwazo cha kwanza na huu ni mwingine. Watunza vifurushi waliifunga PDF ndani ya `policy.xml` baada ya mianya ya usalama ya Ghostscript iliyofichuliwa mwaka 2018. Unaweza kuifungua, lakini kama kazi yako ni kugeuza taarifa ya M-Pesa kuwa picha, achana na ImageMagick. Leta `poppler-utils` na tumia chombo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo:

```
pdftoppm -png -upw NENOSIRI taarifa.pdf ukurasa
```

*Stima imepotea katikati ya kusakinisha.* Ikirudi, `sudo dpkg --configure -a`, kisha `sudo apt --fix-broken install`, ndipo uendelee ulipoachia.

*Kila kitu kipo na kazi bado haifanyiki.* Huenda programu iliundwa bila uwezo huo tangu mwanzo, na hakuna kifurushi cha kuongeza kitakachoupachika. Mfano ni vim isiyonakili kwenda kwenye ubao wa kunakili wa mfumo: `vim --version | grep clipboard` ikionyesha `-clipboard`, leta `vim-gtk3`, ambayo iliundwa ikiwa nayo. Na kama uliijenga programu mwenyewe kutoka kwenye msimbo, leta maktaba inayotakiwa (ile yenye `-dev` mwishoni mwa jina), kisha urudie `configure` na `make` kuanzia mwanzo.

*Umejaribu yote na unataka kuuliza watu.* Tuma vitu vitatu: matokeo ya `cat /etc/os-release`, amri uliyoandika, na ujumbe mzima kama maandishi. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, maandishi yamekatwa na mwanga wa dirisha umeng'aa katikati, itakuletea swali jingine badala ya jibu.